Nani Atamtoa Motoni?



Jua limekwisha kutua. Jamaa wameketi jikoni kuyazunguka mafiga, na chungu cha maharage chatokota. Msichana wa miaka kumi na miwili achochea kuni. Mara macho yake yakodoa mahali pamoja, kinywa chatoa sauti isiyo neno, na mwili wote wakakamaa. Aanguka. Miguu na mikono yatikisika, povu lamtoka kinywani, na mkono wake wa kushoto umelala juu ya makaa. Wote wasimama kwa hofu. Baba yu pale, shangazi yu pale, kaka zake wawili wapo. Mmoja apaza sauti: «Msimguse! Mate yake yatawaambukiza!» Basi mkono waungua mbele ya macho ya watu wampendao.

Habari hii si ya nyumba moja, wala si ya kijiji kimoja. Wengi wenu katika Ituri yetu mmeiona kwa macho, na makovu ya moto katika nyuso na mikono ya ndugu zetu wenye kifafa ni ushuhuda usiokanushika. Ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo mwafundishwa kumpenda jirani. Yafaa basi mjiulize maswali haya pasipo kuyakwepa. Aangukaye hivi ametenda dhambi gani? Je, ameingiwa na pepo? Kama ni ugonjwa wa kichwani tu, roho yake iko wapi saa ile? Na yule asimamaye akitazama mkono ukiungua, je, hana hatia?

Hatuwezi kujibu vema tusipojua kwanza jinsi Mwenyezi Mungu alivyoiunganisha miili yetu kwa mishipa ya fahamu. Tuanze hapo.

I. Kazi ya Muumba katika mishipa ya fahamu

Mama agusaye chungu cha moto huuondoa mkono wake kabla hajafikiri. Hasemi kwanza moyoni: «Chungu hiki ni cha moto, yafaa niuondoe mkono.» Mkono wenyewe hukimbia, na maumivu huja nyuma kidogo. Jambo hilo lafanyikaje? Ndani ya ngozi ya kidole mna ncha za nyuzi nyembamba mno. Habari ya moto hupanda kwa nyuzi hizo mpaka ndani ya mifupa ya mgongo, mlimolala kamba laini ya mishipa ya fahamu. Kutoka pale amri hurudi upesi kwenye misuli ya mkono, nao waondoka. Habari yenyewe huendelea kupanda hata ubongoni, na hapo ndipo mama ajuapo kwamba ameungua.

Mwili wote umejengwa kwa chembe hai ndogo ziitwazo seli, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Lakini seli za fahamu zina umbo la pekee. Kila moja ina matawi mengi mafupi yapokeayo habari, na uzi mmoja mrefu upelekao habari. Uzi utokao kiunoni waweza kufika hata kidole cha mguu, urefu wa mita 1 hivi, nao ni mwembamba kupita unywele. Nyuzi nyingi zimevikwa ganda la mafuta, na katika nyuzi zilizovikwa vizuri habari yaweza kwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja. Kando yake zimo seli nyingine zisizopeleka habari, bali huzilisha na kuzilinda zile zipelekazo, kama wapagazi wasiotajwa katika msafara. Mwaka 1906 Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania walipewa tuzo ya Nobel kwa kutufunulia umbo la seli hizo.

Habari iendayo katika uzi ni nini? Ni nguvu ndogo ya umeme. Umeme huo haupiti katika waya. Watokana na chumvi za mwili ziingiazo na kutoka katika utando wa uzi. Uzi ufikapo mwisho wake, kwa kawaida hauigusi seli ya pili. Pana ufa mdogo usioonekana kwa macho. Hapo seli ya kwanza humwaga maji ya dawa kidogo, na seli ya pili huyapokea, kama mtu wa ng'ambo ya kijito adakavyo kitu atupiwacho na ndugu yake. Angalieni neno hili, maana litatufaa mbele: dawa nyingine huiambia seli ya pili, «Amka, peleka habari», nyingine huiambia, «Nyamaza, subiri.» Pasipo ile inyamazishayo, mwili hauwezi kuwa na utaratibu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 300 au 400 hivi, na seli zake za fahamu zimehesabiwa kuwa kama bilioni 86, yaani milioni elfu 86. Ni sehemu ndogo ya mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja katika tano ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Ubongo waweza kufananishwa na kwaya kubwa. Kila mwimbaji ana zamu yake ya kuimba na zamu yake ya kunyamaza. Kwa hiyo wimbo husikika. Kama waimbaji wote, au kundi zima la upande mmoja, wakipiga kelele pamoja kwa nguvu moja, wimbo hupotea, ijapokuwa hakuna mwimbaji aliyekufa.

Kifafa ni hivyo. Kwa dakika chache seli nyingi za ubongo hupeleka umeme wake kwa pamoja, na zile amri za kunyamaza hushindwa. Misuli hupokea amri nyingi zisizo na mpango. Kwa hiyo mwili wakakamaa na kutikisika. Mate hayamezwi, kwa hiyo povu latoka. Mwaka 1924 mganga Mjerumani Hans Berger aliandika kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa mtu, kwa vyombo vilivyowekwa kichwani. Tangu hapo waganga wameweza kuiona dhoruba hii ikichorwa kwenye karatasi, ikianza na ikitulia.

II. Ugonjwa huu watoka wapi?

Sababu si moja. Mtoto aliyekawia kuzaliwa na kukosa hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, pigo zito la kichwa: mambo hayo yote yaweza kuacha kovu ubongoni. Mayai ya tegu wa nguruwe, yanayotoka katika choo cha mtu na kuingia katika chakula au maji, yaweza kufikisha vimelea ubongoni. Ndiyo sababu choo kizuri na mikono iliyonawiwa ni kinga ya kichwa pia. Wengine huzaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu.

Kwetu Ituri iko sababu nyingine impasayo kila mtu kuijua. Katika mito yenye maji ya kasi huzaliana inzi wadogo weusi waitwao usubi. Waumapo, huingiza mwilini mnyoo uletao mwasho wa ngozi na upofu. Katika miaka ya 2010 waganga wachunguzi walikwenda katika eneo la afya la Logo, wilaya ya Mahagi, wakakuta wenye kifafa wengi kuliko kawaida katika vijiji vipakanavyo na mito ya namna hiyo. Mambo kama hayo yameonekana kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, na Mahenge katika Tanzania. Na huko watoto wengine huanza kwa kuinamisha kichwa tena na tena, kama mtu asinziaye. Namna hasa ya ubongo kudhurika ingali ikichunguzwa, lakini uhusiano wa mnyoo huo na kifafa umeonekana mahali pengi. Dawa ya mnyoo huo, ivermektini, ijulikanayo kwa jina la Mectizan, imekuwa ikitolewa bure na watengenezaji wake tangu mwaka 1987 kwa ajili ya vijiji vyenye ugonjwa wa usubi. Aimezaye kila mwaka hujikinga. Na anayeikataa kwa uvumi tu ajue kwamba aweza kuwa anawanyima watoto wake kinga ya macho na ya kichwa.

Kuhusu Mahenge, sikilizeni jambo moja. Karibu na mwaka 1960 mganga mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko matibabu ya wenye kifafa. Alikuta watu walioogopwa na kutengwa, wasioruhusiwa kula pamoja na wenzao kwa sababu ya hofu ya mate, na wengi wenye makovu ya moto. Aliwapa vidonge vya fenobarbitali, dawa ijulikanayo kwa kazi hii tangu mwaka 1912. Dawa hiyo yaongeza nguvu ya zile amri za kunyamaza tulizozitaja. Wengi walipunguza kuanguka, na waliokuwa wametengwa wakaanza kurudi katika kazi na katika kundi la watu.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wana kifafa duniani, na kwamba hata watu 70 katika 100 wangeweza kuishi pasipo kuanguka, kama wangepata matibabu yanayofaa. Na katika hao wote, hakuna hata mmoja aliyepata kifafa kwa kuguswa na povu la mwenzake. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa pumzi, wala kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja.

III. Je, si pepo?

Mkatekumeni mmoja aweza kusema: «Mwalimu, twasoma katika Injili ya Marko, sura ya 9, habari ya kijana aangukaye motoni na majini, atokwaye na povu, asagaye meno, na Bwana Yesu alimfukuza pepo. Twawezaje basi kusema kwamba ni ugonjwa?»

Swali hili ni la haki, wala lisijibiwe kwa haraka. Kanisa halikani kuwapo kwa pepo wachafu, wala halikani kwamba Bwana wetu aliwafukuza. Lakini someni pia Injili ya Mateo, sura ya 4, mahali anapowataja wagonjwa walioletwa kwa Yesu kutoka nchi za kandokando. Mwinjili awataja wenye pepo, tena awataja wenye kifafa, tena wenye kupooza. Hakuwachanganya katika neno moja. Maana yake ni hii: hata katika Injili, si kila mwenye kifafa aliitwa mwenye pepo.

Kanisa limeishika njia hiyo ya busara. Kitabu cha ibada cha Kirumi cha mwaka 1614 kilimwonya padri asisadiki upesi kwamba mtu ana pepo, bali azijue alama zimtofautishazo na mgonjwa. Hata leo padri hawezi kufanya ibada kuu ya kufukuza pepo pasipo ruhusa ya wazi ya askofu. Ikiwa padri aliyesoma miaka mingi yampasa kungoja ruhusa hiyo, ni nani aliyempa jirani mamlaka ya kuamua, usiku mmoja jikoni, kwamba mtoto fulani ana pepo? Na ni nani aliyempa mamlaka ya kumfunga kamba, au kumfungisha chakula, au kumpiga ili pepo atoke?

Tena wapo wasemao: «Ni adhabu. Wazazi wake wametenda dhambi.» Wanafunzi wa Bwana walimwuliza neno kama hilo juu ya kipofu wa tangu kuzaliwa, katika Injili ya Yoane, sura ya 9. Bwana alikataa sababu zote mbili: wala dhambi yake mwenyewe, wala dhambi ya wazazi wake. Wengine hutafuta mchawi, na mara nyingi humpata katika nyumba ya bibi kizee mjane asiye na mtu wa kumtetea. Huyo amshtakiye mtu pasipo ushahidi aivunja amri ya nane. Na shtaka lake likiwaamsha watu wakamwue bibi yule, ameshiriki katika kuivunja ya tano. Dhoruba ya ubongo wa mtoto haikuletwa na bibi kizee.

Sasa rudini kwenye Injili ya Marko mkaangalie mwisho wa habari, ambao wengi huupita. Baada ya kelele na kutikisika, kijana alilala kama maiti, hata watu wengi wakasema kwamba amekufa. Bwana alifanya nini? Alimshika mkono, akamwinua. Alimshika mkono kijana ambaye muda mfupi tu kabla yake alikuwa akitokwa na povu. Basi hata yule adhaniye kwamba kila kifafa ni pepo hana ruhusa ya kumwacha mtu motoni, kwa maana Bwana hakumwacha chini.

IV. Roho yake iko wapi?

Laja swali gumu zaidi. Kama kidonge kidogo chaweza kutuliza kifafa, na kama fikira na kumbukumbu na mwendo vyategemea seli za ubongo, je, roho ni kitu gani? Je, mtu si kitu zaidi ya mishipa yake?

Wengine hujibu kwa mfano wa ngoma na mpigaji: mwili ni ngoma, roho ni mpigaji, ngoma ikipasuka, mpigaji angali mzima. Mfano huu una kweli ndani yake, lakini haitoshi. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho yenye akili ndiyo inayoufanya mwili wa mtu kuwa mwili wa mtu. Roho haikai mwilini kama mgeni katika nyumba ya kupanga, wala kama mpigaji aliyeketi nje ya ngoma. Mtu ni mmoja, mwili na roho pamoja. Kwa hiyo ubongo unapougua, mtu mwenyewe ndiye anayeugua kweli; tusiseme kwamba ni «mwili tu». Na kwa sababu iyo hiyo, kumtibu mwili ni kumhudumia mtu mzima, wala si kazi ya chini isiyomhusu Mungu.

Lakini kutoka hapo haifuati kwamba mtu ni seli tu. Seli hueleza jinsi mkono unavyoondoka motoni. Hazielezi kwa nini mtu mwingine autie mkono wake mwenyewe motoni, kwa kusudi, ili amtoe mwenzake. Mishipa yake yote yamwambia: kimbia, naye asema: sikimbii. Kitendo hicho chapita katika mishipa, lakini sababu yake ni wajibu aliouona kwa akili na kuuchagua kwa moyo. Hapo ndipo tunapoona kidogo roho ilivyo.

Alikuwako mtu mmoja aliyeyashika mambo haya mawili pamoja. Niels Stensen, mzaliwa wa Copenhagen mwaka 1638, alikuwa mchunguzi mkuu wa mwili. Mwaka 1665, huko Paris, alitoa hotuba juu ya ubongo, akaanza kwa kukiri mbele ya wataalamu kwamba yeye hajui kitu juu yake, akawaonya wote waliojidai kujua. Miaka miwili baadaye alipokelewa katika Kanisa Katolika. Mwaka 1677 akawa askofu. Na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri. Hakuona kwamba ampendaye Mungu yampasa kuuogopa ujuzi wa ubongo. Aliona kwamba kiburi ndicho cha kuogopwa.

Basi, juu ya aliyeanguka, tushike mambo haya. Dhambi yahitaji kujua na kukubali. Aliyeanguka kifafa hajui, wala hakubali. Kwa hiyo akimpiga mtu kwa mkono utikisikao, au akijichafua nguo, au akitoa maneno yasiyo na maana, hana dhambi hata kidogo, wala hana sababu ya kuona haya. Kifafa hakimzuii mtu kupewa Ubatizo, wala Komunyo, wala Ndoa. Lazima tuseme kweli: sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwazuia wenye kifafa wasipewe Daraja takatifu, ikiwataja mahali pamoja na wenye wazimu na wenye pepo. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikukitaja kifafa tena. Ikiwa Kanisa lenyewe lilikubali kujifunza na kurekebisha, sisi wa kijijini tusione aibu kufanya vivyo hivyo.

V. Mwili uliokufa ganzi

Sasa tumrudie msichana yule jikoni. Kumbukeni mama na chungu chake: mtu mwenye afya mkono wake hujiondoa motoni wenyewe. Msichana yule, saa ya dhoruba, njia hiyo haimsaidii. Habari ya moto haipati mahali pa kusikilizwa, na amri ya kuondoka haitoki. Mishipa yake imeshindwa kufanya kazi yake kwa dakika mbili au tatu. Ni nani basi atakayeifanya kazi ya mishipa hiyo badala yake? Ni mtu aliye karibu. Hakuna mwingine.

Mtakatifu Paulo, katika Barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, afundisha kwamba sisi tu viungo vya mwili mmoja, na kiungo kimoja kikiumia viungo vyote huumia pamoja nacho. Mwiba uingiapo mguuni, kinywa hulia, mgongo huinama, macho hutafuta, na mkono huja kuuondoa. Mguu hauhitaji kuomba. Ni mishipa ya fahamu inayovifanya viungo vingi kuwa mwili mmoja wenye kuhisi.

Sasa tazameni mwili ambao mishipa yake imekufa. Wenye ukoma usiotibiwa mapema hupoteza fahamu za vidole. Mkono huungua, nao hawajui mpaka wasikie harufu. Si kwamba mkono hauungui. Ni kwamba habari haifiki. Twashukuru kwamba siku hizi ukoma hupona kwa dawa. Lakini kijiji ambacho mtoto huungua ndani yake na hakuna anayesogea, hicho nacho ni mwili uliokufa ganzi. Baba ameona, shangazi ameona, kaka wameona. Macho yamefanya kazi, lakini habari haikufika mkononi. Hofu imeukata mshipa.

Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlevi walimwona mtu aliyejeruhiwa, wakapita upande wa pili. Injili haisemi kwamba walimpiga. Kosa lao ni kumwacha. Katekismu yatufundisha kwamba twakosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na pia kwa kutotimiza wajibu. Waliosimama jikoni kwa ujinga, wakisadiki kweli kwamba mate yataua jamaa yote, hatia yao ni ndogo, kwa kuwa hawakujua. Lakini ninyi mliosoma maneno haya hamwezi tena kusema kwamba hamkujua.

Fanyeni basi hivi. Mtu akianguka, mwondoeni mbali na moto, maji, na vitu vyenye makali. Wekeni nguo laini chini ya kichwa chake. Msimshike kwa nguvu ili kuzuia kutikisika, wala msimtie kijiko wala kijiti kinywani. Legezeni nguo iliyo shingoni. Kutikisika kukipungua, mlazeni ubavu, mate yapate kutoka. Kaeni naye mpaka aamke, mkiseme naye kwa upole, maana huamka akiwa amechoka na mara nyingi haelewi yuko wapi. Dhoruba ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajaamka, mpelekeni upesi kituo cha afya. Na baadaye msiishie hapo: apelekwe kwa mganga apate dawa ya kila siku, wala asiiache ghafula kwa sababu amejisikia nafuu, kwa maana kuiacha ghafula ni hatari. Katika Ituri iliyojaribiwa na vita, safari ya kuifuata dawa si nyepesi, na jamaa moja haiwezi kuibeba daima peke yake. Jumuiya za kikristu ziwasaidie kwa zamu. Mtoto arudishwe shuleni. Apewe sahani pamoja na wenzake. Asitumwe peke yake mtoni, wala asiachwe peke yake jikoni.

Maswali ya kujiuliza

Je, katika kijiji chetu yuko mtu mwenye kifafa ambaye hala pamoja na jamaa yake? Je, nimewahi kueneza neno la uchawi juu ya ugonjwa wake? Je, niko tayari kumshika mkono, kama Bwana alivyomshika kijana yule?

Azimio la mwezi huu: kila mkatekumeni aitembelee nyumba moja yenye mgonjwa wa kifafa, aketi naye, ale naye.

Tuombe: Ee Mungu, uliyetutengeneza kwa ajabu hata mwiba wa mguuni ukaujulisha mwili wote, utuondolee ganzi ya mioyo. Utufanye viungo vihisivyo, ili ndugu yetu aangukapo, mkono wetu ufike kabla ya hofu yetu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.